Trekta ya kukatia nyasi, ya petroli au ya betri: ipi utaweza kuitunza?

Anayetafuta trekta ya kukatia nyasi, ile ya kukalia na kuendesha, siku hizi hukutana na kambi mbili. Kambi ya petroli humsifia nguvu, na kumkumbusha kwamba fundi wa kuifungua hakosekani. Kambi ya betri humsifia ukimya, kisha hummalizia na maneno matamu kuliko yote: hii haina sevisi. Hapo ndipo mtu anapopotezwa. Ni kweli betri inakuondolea oili, plagi na kabureta. Haikuondolei visu, kava la visu, matairi, beringi wala kutu, na mashine nyingi hufia huko huko.

Kila aina ina namna yake ya kumwadhibu mzembe. Ya petroli humwadhibu anayeiacha imesimama miezi na mafuta ndani. Ya betri za asidi humwadhibu anayeiegesha bila kuchaji. Ya lithiamu husamehe mengi, ila joto haisamehe, na siku ikigoma hutaifungua kwa spana. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ina nguvu, jiulize wewe ni mzembe wa aina gani.

Petroli: kazi nyingi, lakini zinajulikana

Injini za trekta hizi ni za silinda moja au mbili, nyingi zikipozwa kwa hewa, na ratiba zake zinafanana hata chapa zikitofautiana. Oili hupimwa kila kabla ya kuwasha. Humwagwa kila baada ya saa 50 za kazi au mara moja kwa msimu, lolote litakalotangulia. Injini mpya humwagwa mapema zaidi, baada ya saa 5 hadi 8 za mwanzo, maana ndipo vyuma vinapozoeana na kuacha unga wake ndani ya oili. Silinda moja huchukua karibu lita 1.4 na silinda mbili karibu lita 1.9, lakini msemaji wa mwisho ni kijiti cha kupimia. Oili ikizidi hupanda hadi kwenye chujio la hewa, na utauona moshi wa buluu.

Kuhusu oili ipi, watu hubishana kuliko inavyostahili. Namba za kwenye kopo hueleza uzito wa oili. SAE 30 ni ya hali ya joto. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi, injini itakusumbua kuwaka. 10W-30 huwaka vizuri kwenye baridi, ila joto likipita nyuzi 27 injini inaweza kuanza kuila, kwa hiyo anayeitumia wakati wa joto apime mara nyingi zaidi. Sintetiki ya 5W-30 hufaa pande zote mbili, na bei yake iko juu. Ukikata nyasi wakati wa joto tu, SAE 30 inatosha kabisa.

Chujio la hewa ni kazi ndogo ambayo ukiikosea unaua injini. Lile la karatasi hukaguliwa kila saa 25 na kubadilishwa angalau mara moja kwa msimu, mapema zaidi penye vumbi. Halioshwi, wala halipulizwi kwa kompresa: upepo ule hutoboa matundu usiyoyaona kwa macho, na vumbi linalopenya hapo huenda moja kwa moja kusaga silinda. Ligonge taratibu kwenye kitu kigumu, basi. Sponji inayolizunguka ndiyo inayooshwa kwa maji na sabuni, ikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa. Plagi haina maneno mengi: badilisha kila mwaka au kila saa 100, upenyo wake kwa injini nyingi za aina hii ukiwa milimita 0.76.

Mapezi ya kupoozea, yale mabamba membamba ya chuma yanayotoa joto la injini, yanafichwa na kava la juu ya injini, ndiyo maana husahaulika. Nyasi kavu hujaa humo, na mashine ikikaa muda mrefu panya hujenga. Mara moja kwa mwaka fungua kava hilo na usafishe kwa brashi. Hiyo ni bolti chache tu, nayo inaokoa injini isiungue.

Sasa mafuta, na hapa ndipo petroli inapomshinda mtu. Petroli huanza kuchacha ndani ya siku 30 hivi. Sehemu nyepesi huvukiza, nzito hubaki na kugeuka gundi, na gundi hiyo hukimbilia kwenye jeti ya kabureta, tundu jembamba lisilohitaji kitu kikubwa kuziba. Petroli iliyochanganywa na ethanoli ina tatizo la pili, kwamba huvuta unyevu. Injini hizi hukubali ethanoli hadi asilimia 10. Zaidi ya hapo usijaze, hata ikiuzwa kwa bei nafuu.

Ukitaka kuiegesha kwa muda, una njia mbili. Ya kwanza ni kumwaga mafuta yote, kuiwasha na kuiacha mpaka izime yenyewe. Ya pili ni kujaza tangi, kutia dawa ya kutunza petroli, kisha kuiacha injini iungurume dakika kadhaa ili dawa ifike kwenye kabureta. Mimi napendelea ya pili kwa miezi miwili mitatu, na ya kwanza kwa muda mrefu zaidi. Wengi wanaomwaga tangi husahau kwamba kikombe cha kabureta hubaki na mafuta hata injini ikishazima. Fungua bolti ya chini ya kikombe kilichokaa hivyo mwaka mzima uone kinachotoka: matone ya hudhurungi yenye harufu ya vanishi, na ukipitisha kidole ndani unakuta utando unaong'ang'ania kucha. Hapo huna namna ila kuishusha kabureta na kuiosha.

Usisahau kwamba hata trekta ya petroli ina betri yake ya volti 12 ya kupigia stata. Ikijaa na kutulia husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 12.4, ichaji. Unapoitoa, anza na waya wa hasi. Unapoirudisha, malizia na huo huo wa hasi. Ukienda kinyume, spana ikigusa bodi utaona cheche.

Betri: kazi chache, lakini hazina huruma

Trekta ya betri si jambo la jana. General Electric ya Marekani ilianza kuuza Elec-Trak mwaka 1969, ya volti 36, ikiendeshwa kwa betri za asidi. Kilichobadilika tangu hapo ni betri zenyewe, na ukisikia mtu anasema "ya betri" muulize kwanza betri gani, maana matunzo ya asidi na ya lithiamu yanapingana.

Betri za asidi hutaka kujaa muda wote. Kila ukimaliza kukata nyasi, chaji, hata kama umetumia robo tu. Ikiachwa nusu, salfeti ya risasi hukomaa kwenye sahani za ndani na kuwa fuwele ngumu ambazo chaja haiwezi kuzirudisha, na kila wiki inayopita inakula sehemu ya uwezo wake. Kwa kipindi cha mapumziko ziwekwe zikiwa zimejaa, kisha zirudishiwe chaji mara kwa mara au ziachwe kwenye chaja inayojizuia yenyewe. Zile za kufungua vifuniko hutiwa maji yaliyotoneshwa, si ya bomba, na hutiwa baada ya kuchaji, kwa sababu maji hupanda wakati wa kuchaji na asidi ikimwagika hula chuma cha chini yake. Isipokuwa sahani zikiwa wazi, hapo tia kiasi cha kuzifunika kwanza. Vichwa vyenye unga mweupe au wa kijani visuguliwe kwa maji ya bikaboneti ya soda.

Jambo jingine wauzaji hawalitaji. Betri hizo hufungwa kwa mfuatano, kwa mfano nne za volti 12 kupata volti 48. Moja ikidhoofika inaziburuta zote, na ukibadilisha hiyo moja tu, mpya itafanya kazi pamoja na wazee na itazeeka haraka. Kwa kawaida hubadilishwa zote kwa mpigo. Tenga fedha hizo tangu siku ya kununua.

Lithiamu ni kinyume. Haipendi kukaa imejaa kwa miezi, na haipendi joto. Ukiiegesha msimu mzima, iache kwenye asilimia 40 hadi 60, mahali pakavu penye ubaridi wa wastani, si kwenye banda la bati linalochemka mchana. Kwenye baridi kali usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, kwa sababu lithiamu hujitandaza kama chuma juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake, na uharibifu huo haurudi. Ukizingatia hayo mawili, betri hii ndiyo inayovumilia mtu mwenye mambo mengi kuliko zote: unaweza kuisahau miezi kadhaa na ikawaka.

Udhaifu wake uko kwingine. Ndani kuna bodi ya elektroniki inayosimamia seli, na bodi hiyo ikiamua kuzima, mashine nzima imezima. Fundi wa pikipiki aliyekutolea kabureta mara ngapi hataweza kukusaidia. Kama chapa unayoitaka haina kituo cha huduma unachoweza kukifikia, hesabu hilo kabla ya kuhesabu akiba ya mafuta.

| Kazi | Petroli | Betri za asidi | Lithiamu |
|---|---|---|---|
| Kila kabla ya kukata | Pima oili, tazama chujio | Tazama chaji | Tazama chaji |
| Kila baada ya kukata | Iache ipoe, futa nyasi kwenye eksozi | Chaji hadi ijae | Chaji unapohitaji, ikishapoa |
| Kwa msimu | Oili, chujio, plagi, mapezi | Maji, vichwa, nyaya | Nyaya na soketi |
| Ikiegeshwa | Dawa ya mafuta au kumwaga | Imejaa, irudishiwe chaji | Karibu nusu, penye ubaridi |
| Ikiharibika | Karibu kila fundi | Fundi umeme wa kawaida | Kituo cha chapa |

Visu na kava: hapa hakuna petroli wala betri

Jedwali hilo halina mstari wa visu kwa sababu ungefanana nguzo zote. Ncha ya kisu kwenye mashine hizi huenda kasi sana. Kiwango cha usalama cha Marekani hakiruhusu ipite futi 19,000 kwa dakika, yaani karibu kilomita 347 kwa saa. Kwa kasi hiyo kisu butu bado kinaangusha nyasi, ila hakikati, kinazichana. Tazama kesho yake kwa karibu: ncha zilizokatwa vizuri ni nyoofu na za kijani, zilizochanwa zina nyuzinyuzi na zimegeuka rangi ya majani makavu.

Kwenye petroli, ubutu huo unafichwa na injini. Inaongeza tu kunywa mafuta na wewe huoni. Kwenye betri unauona kwenye kipimo, kwa sababu mota inavuta umeme zaidi na eneo lile lile linamaliza chaji mapema. Ndiyo maana nasema mwenye trekta ya betri anahitaji kunoa kwa bidii kuliko jirani yake wa petroli. Na kabla hajailaumu betri kwamba imezeeka, ainame atazame visu.

Noa kila baada ya saa 25 hivi, mapema zaidi penye mchanga na mawe. Kabla ya kuingiza mkono chini ya kava, kwenye petroli toa waya wa plagi. Kwenye betri toa ufunguo na ukate umeme kwa swichi kuu au kwa kuchomoa betri. Ya betri ina hatari ya peke yake: mashine iliyo tayari kuondoka iko kimya sawa na iliyozimwa.

Kunoa kwenyewe kuna tupa na kuna grenda. Grenda ni ya haraka, lakini ukiikandamiza, makali hugeuka rangi ya buluu, na chuma kilichobuluika kimepoteza ugumu. Kitakuwa butu tena upesi. Tupa huchukua muda na ni vigumu kuharibu nayo. Kwa kisu chenye mapengo makubwa anza na grenda kwa miguso mifupi, malizia na tupa. Fuata mteremko wa kiwandani, na usikinoe kiwe wembe: makali membamba mno hupinda kwenye jiwe la kwanza.

Kisha pima mizani. Pigilia msumari ukutani, utundike kisu kwa tundu lake la katikati, ukiachie. Kikitulia kikiwa sawasawa, kiko tayari. Upande mmoja ukishuka, ndio mzito. Rudi na tupa upande huo, toa kidogo nyuma ya makali, upime tena. Inaonekana ni kazi ya watu wenye muda mwingi, mpaka ufikirie kinachotokea kisu kisicho na mizani kikizunguka mara elfu tatu kwa dakika: mtikisiko wote unaangukia beringi za shafti yake, nazo ndizo ghali. Ukirudisha kisu, bawa lililopinda litazame juu, kuelekea kava. Kikifungwa kichwa chini, mashine itanguruma vizuri na nyasi zitabaki zimesimama.

Kava lenyewe linaliwa na nyasi mbichi zinazogandia ndani. Hushika maji, huleta kutu, na kupunguza nafasi ya hewa inayosimamisha nyasi ili zikatwe. Kava nyingi zina tundu la kuunga mpira wa maji, unawasha visu na kava linajiosha lenyewe. Ni raha, lakini mimi nakwangua kwa kibao au plastiki ngumu nyasi zikiwa bado laini, kwa sababu maji yakirushwa na visu huingia hata kwenye beringi na chini ya vifuniko vya mikanda, na pale juu hubaki unyevu usiouona. Mashine ya kuoshea kwa presha iache mbali kabisa na trekta ya betri. Soketi na vidhibiti vyake havikuumbwa kwa maji ya kasi hiyo. Mashafti yenye tundu la grisi yapigwe grisi kama kitabu kinavyosema. Mengine yamefungwa na hayahitaji kitu.

Nyasi zikitoka na ngazi, upande mmoja juu na mwingine chini, watu hukimbilia kurekebisha kava. Anza na upepo wa matairi. Kwa trekta nyingi mbele ni karibu psi 14 na nyuma karibu psi 10. Tairi moja likipungua, kava lote limeinama. Matairi yakiwa sawa, iweke trekta kwenye sakafu tambarare, zungusha visu vikae kulia na kushoto, na upime ncha mpaka chini. Pande mbili zisitofautiane zaidi ya milimita 3. Kisha vigeuze vielekee mbele na nyuma: ncha ya mbele iwe chini kuliko ya nyuma kwa milimita 3 hadi 6, ili kisu kikate mara moja na kisirudie kusaga nyasi zile zile kwa nyuma.

Gia au haidrostatiki

Kwa anayechagua petroli kuna uamuzi wa pili: namna nguvu ya injini inavyofika kwenye magurudumu. Ya gia hutaka usimame ndipo ubadilishe, na anayebadilisha huku inatembea humaliza mkanda na giaboksi. Matunzo yake ni mkanda tu na kuufuta. Ya haidrostatiki huendeshwa kwa pedali bila kusimama, raha tupu kwenye bustani yenye miti mingi, lakini humo ndani ni oili na pampu, na adui yake ni joto. Tuff Torq K46, giaboksi ya haidrostatiki inayopatikana kwenye trekta za chapa nyingi, haina hata bolti ya kumwagia oili. Anayetaka kuibadilisha huishusha giaboksi nzima. Kinachobaki mikononi mwako ni kusafisha feni na mapezi yaliyo juu yake, na kuvuta kile kiwaya cha nyuma cha kuachia giaboksi kabla ya kuisukuma kwa mkono. Ukiona trekta inaanza vizuri asubuhi na kupoteza nguvu mlimani ikishapata moto, oili hiyo imechoka. Kwenye mteremko mkali na mizigo ya kuvuta, chagua gia au haidrostatiki ya daraja la juu. Kwa vyovyote usipite kwenye mteremko unaozidi nyuzi 15, na ukate kwa kupanda na kushuka, si kwa ubavu.

Nani achukue ipi

Eneo kubwa, kazi ya saa nyingi mfululizo, fundi wa kawaida karibu, na mkono usioogopa grisi: petroli, bila kusita. Eneo la wastani linalokatwa kila wiki, umeme wa uhakika, kituo cha chapa kinachofikika: lithiamu. Mwenye kuitumia mara chache kwa mwaka, anayesahau mafuta kwenye tangi, naye ni lithiamu. Betri za asidi namshauri mtu mmoja tu, mwenye tabia ya kuchomeka chaja kila akishuka kwenye kiti; kwa wengine wote ni rahisi kununua na ghali kubadilisha.

Ukinunua iliyotumika, usianze na injini wala betri. Isomwe kwanza saa zake kama ina kipimo, kisha omba iinuliwe mbele, umeme umekatwa, na uchungulie chini ya kava. Gonga chuma kwa mpini wa bisibisi usikie kama kuna mahali panalia kama bati lililooza. Shika kila kisu kwa glavu ukitikise juu na chini: kikicheza, beringi zimekwisha. Baada ya hapo ndipo upime betri: ya asidi isomwe volti ikiwa imetulia, halafu tena ukiwa unapanda mwinuko, ikianguka ghafla, punguza bei kwa gharama ya seti nzima. Ya petroli iguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji alikutangulia kuiwasha, na wewe unachotaka kuona ni jinsi inavyowaka ikiwa baridi. Mwambie utarudi kesho.